Umeingia njia ya mwendokasi bila kujua: mwongozo kwa dereva mpya anayetoka Uganda kwenda Dar es Salaam

Kila msimu wa watu kwenda kununua mzigo Kariakoo, swali ni lilelile kutoka kwa madereva wapya wa Kampala, Masaka na Kyotera: "Nikiingia njia ya mabasi kwa bahati mbaya, watanitoza?" Ndiyo, watakutoza. Kutojua hakufuti kosa, na namba ya Uganda haikupi msamaha wowote. Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia hilo, na watu hawaliulizi: ukishajikuta ndani, unatokaje ukiwa mzima? Faini inalipika kwa simu ukiwa umekaa chini ya mti. Basi la mita 18 lililojaa abiria halisimami kwa breki ndani ya hatua chache, na dereva wake hategemei kukuta gari dogo mbele yake.

Simlaumu anayeingia. Kampala bado haina njia ya mabasi peke yake. Mabasi ya haraka yameahidiwa kwa miaka mingi, ila leo hii basi, taxi ya abiria 14, boda na gari lako vinagombea lami moja kuanzia Busega mpaka mjini. Shule ya udereva haikukufundisha kitu ambacho hakipo. Kisha unafika Dar ukiwa umechoka, foleni imekubana kushoto, na kulia kwako kuna njia safi isiyo na gari hata moja. Mtu anaingia akidhani amepata bahati.

Kwa ufupi, njia yenyewe

Mabasi yaendayo haraka ya Dar, ambayo kila mtu anayaita mwendokasi, yalianza kubeba abiria Mei 2016. Awamu ya kwanza ni kilomita 20.9: Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo. Njia zake ziko katikati ya barabara na vituo viko katikati vilevile, ndiyo maana mabasi hayo yana milango upande wa kulia. Gari binafsi haliruhusiwi humo, wala daladala, bajaji na bodaboda. Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala nayo imejengewa njia hizo, na Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto. Uione ina basi au haina, si yako.

Jambo hili linatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani. Anayevukia mpaka wa Mutukula anapita Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, kisha Kibaha, na kuingia Dar kwa Barabara ya Morogoro hiyohiyo. Yaani barabara inayotupeleka mjini ndiyo inayobeba mwendokasi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Permiti kamili ya udereva. Ile ya kujifunzia, ya gari lenye L, usivuke nayo mpaka. Na kama umetoka Kyambogo na permiti mbichi mwezi huu, tafuta mtu mzoefu wa kukaa naye mbele. Safari hii ni zaidi ya kilomita 1,500.
- Kadi ya gari. Kama gari si lako, barua ya mwenye gari iliyopigwa muhuri na wakili.
- Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, lakini kwenye mpango huu wa bima imo. Iulizie kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari.
- Karatasi ya kuingiza gari kwa muda, utakayopewa na forodha Mutukula. Soma tarehe ya mwisho hapohapo dirishani.
- Pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.
- Pembetatu mbili za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na wakati.
- Laini ya simu ya Tanzania iliyosajiliwa kwa pasipoti yako, yenye pesa ndani. Hiki ndicho watu husahau. Faini ya Tanzania hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali ya kule, na ukibaki na laini ya Uganda peke yake utahangaika.
- Mtu wa kusoma ramani. Simu inasema "geuka kulia" lakini haikwambii ni njia ipi ya kuingilia, na macho yako yanatakiwa barabarani.

Hatua

1. Ingia Dar mchana. Lala Morogoro, ambako kumebaki kama kilomita 190, uondoke asubuhi. Usiku, kingo za zege zinazotenga mwendokasi hazionekani vizuri, hasa mvua ikinyesha na taa za magari ya mbele zikikuangaza usoni.

2. Hamia kushoto kabla ya Kimara. Kutoka Kibaha barabara ni pana, njia nane, na dereva mgeni huzoea kukaa kulia akipita malori. Ukianza kuona vibao vya Mbezi, acha kupita magari. Washa indiketa, hamia kushoto, tulia huko. Kimara ndipo njia za mwendokasi zinapoanza katikati, na aliyeng'ang'ania kulia ndiye anayejikuta anaamua mambo kwa sekunde mbili.

3. Jifunze kuitambua kwa alama zaidi ya moja. Usitegemee kibao peke yake. Angalia hivi: kuna kingo ya zege kati yako na njia ya pembeni? Kuna kituo chenye paa katikati ya barabara mbele? Njia hiyo ni tupu wakati hii yako imejaa? Ukijibu ndiyo kwa mawili, hiyo ni ya mabasi. Njia tupu katikati ya Dar saa mbili asubuhi ina sababu ya kuwa tupu.

4. Kata kulia kwa upana. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaingia kwa mlango huu bila nia yoyote mbaya.

Chukua mfano wa dereva anayetoka barabara ya mtaani na kutaka kukata kulia kuingia Barabara ya Morogoro. Mbele yake zinapita njia za magari yanayotoka kulia kwake, halafu njia mbili za mwendokasi, halafu ndipo zije njia za magari anazozitaka, za upande wa mbali kabisa. Dereva wa kwetu amezoea barabara ambayo ukishavuka nusu moja umefika. Anavuka nusu, anaona njia tupu mbele yake, anakunja usukani. Ameshaingia mwendokasi, na kingo ya zege inaanza mita chache mbele kwa hiyo hawezi kujirekebisha. Dawa yake: kabla hujaondoka kwenye taa, tafuta kwa macho gari la kawaida, daladala au lori, linalokwenda upande unaoutaka wewe. Palipo na hilo gari ndipo pa kulenga. Vuka njia za mabasi moja kwa moja, usianze kukunja mpaka umezimaliza.

Kwa anayetoka Kimara kwenda Kariakoo, shida huwa kwenye taa za makutano yanayoitwa Fire, ambako tawi la Gerezani linachepuka kuingia Mtaa wa Msimbazi. Huko Msimbazi nako mwendokasi iko katikati, kwa hiyo anayekunja kona kwa kubana anaangukia humo. Subiri mshale unaokuruhusu, na ukishaingia shika kushoto. Kama taa au alama haikuruhusu kukata kulia, pita mbele utafute kona nyingine. Kupotea mtaa mmoja hakutozwi faini.

Ushauri wangu wa dhati kwa dereva mpya ni kutopeleka gari Kariakoo kabisa siku ya kwanza. Liache mahali penye mlinzi huku Kimara au Ubungo, panda basi kama wenyeji. Ukiwa ndani ya basi utaona barabara yote kwa utulivu: wapi kingo zinaanza, wapi zinaachia, taa ziko wapi. Kesho yake ukiendesha unajua unachokitafuta.

5. Usifuate mkia wa mtu. Utaona bodaboda wanaingia. Utaona bajaji. Utaona gari la namba ya Tanzania linapenya na kutokea mbele. Wao wanajua askari wanasimama wapi, na wakikamatwa wanalipa. Gari la wagonjwa au la zimamoto likipita na king'ora, lina haki yake, wewe nyuma yake huna.

Hali moja tu inabadilisha hili: askari wa trafiki akikuelekeza kwa mkono uingie. Ishara ya askari iko juu ya taa na alama. Ingia, nenda polepole, na utoke pale anapokuonyesha au penye nafasi ya kwanza.

6. Ukijikuta ndani, toka hivi. Soma sehemu hii mara mbili kabla hujaondoka nyumbani.

Kwanza, usisimame. Usirudi nyuma. Usigeuze gari. Mshtuko unamwambia mtu akanyage breki na kuweka rivasi, na hicho ndicho kitendo cha hatari kuliko vyote, kwa sababu basi linalokuja linategemea njia iliyo wazi.

Washa taa za tahadhari, zile zinazowaka pande zote. Tazama kioo cha nyuma. Kama kuna basi nyuma yako, endelea kwa mwendo ule ule wa wastani. Ukomo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa na huna haja ya kuufikia. Dereva wa basi ameshakuona, anachohitaji ni wewe kutobadilika ghafla.

Endelea mpaka makutano yajayo yenye taa. Hapo kingo zinaachia. Zima taa za tahadhari, washa indiketa ya kushoto, subiri nafasi, ingia njia ya magari. Taa ikiwa nyekundu simama kama kawaida, maana ukiipita utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza, na kila kosa linahesabiwa peke yake.

Ukipita kituo kabla ya makutano, punguza mwendo kabisa. Abiria wanavuka kwa miguu hapo kwenye pundamilia, na wanaangalia basi, hawaangalii gari dogo. Vituo vingi vina nafasi ya basi moja kulipita jingine: pita upande wa kushoto, mbali na jukwaa la abiria, na usisimame kuuliza njia.

Kama umekosea zaidi na umeingia njia ya mabasi yanayokuja kukukabili, hamia mara moja njia ya kushoto kwako pale penye mstari tu bila kingo, halafu fuata hatua hizohizo.

Usijaribu kupanda kingo ya zege ili utoke haraka. Nimeona gari dogo limekaa juu ya kingo, tairi mbili huku na mbili kule, oili inamwagika kutoka kwenye sampo iliyopasuka, na basi nyuma yake linapiga honi na abiria wote dirishani. Hapo utalipia sampo, tairi na winchi, na faini iko palepale.

7. Ukisimamishwa, ongea kwa heshima na kwa ufupi. Egesha pale anapokuonyesha, zima injini, shusha kioo. "Habari za kazi, afande." Kama ni mtu mzima kwako, "Shikamoo" haipotezi kitu. Halafu sema ukweli: "Natoka Uganda, nimeingia kwa kukosea pale kwenye kona, nilikuwa natafuta pa kutokea." Ataomba leseni, ndiyo permiti yako, pamoja na kadi na bima. Mpe. Usianze kusema kwenu hakuna njia hizo. Ni kweli, lakini haibadilishi sheria ya pale ulipo, na mabishano yanamfanya akague gari lote mpaka taa ya namba.

Anaweza kukuonya na kukuachia. Akiamua kukuandikia, ataingiza kosa kwenye mashine ya mkononi na kukupa karatasi. Isome kabla hujawasha gari: namba ya gari, mahali, kosa, kiasi, kumbukumbu namba ya malipo ambayo wengi huiita kontroo namba, na tarehe ya mwisho. Namba zetu huchanganya watu. Ikiwa imeandikwa vibaya mwombe airekebishe wakati huohuo, maana kesho hutampata.

Makosa mengi ya kawaida barabarani Tanzania hutozwa shilingi 30,000 za kule kwa kosa moja, kama 40,000 hivi za kwetu kutegemea bei ya siku. Kiasi cha kufuata ni kile kilicho kwenye karatasi yako. Ukiwa umesababisha ajali, hiyo si faini ya papo kwa papo tena, ni jambo la kituoni na mahakamani.

8. Lipa kwa namba ya malipo, usilipe mkononi. Tumia pesa za simu, benki au wakala, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Ukiombwa pesa bila karatasi, sema kwa upole kwamba unaomba uandikiwe. Rushwa ni kosa kwa anayetoa na anayepokea, na TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, wanapatikana bure kwa simu 113 wakati wote.

Usicheleweshe. Waliokuwa Kampala Juni 2025 wanakumbuka faini za kamera za EPS, mfumo wetu wa faini za papo kwa papo, zilivyoanza na kusimamishwa baada ya siku chache kwa sababu ya malalamiko, na tangu hapo baadhi ya madereva wapya wanaamini kwamba faini ukiiacha itajifia. Usivuke Mutukula na fikra hiyo.

Makosa ninayoyasikia sana

Kuingia "kidogo tu" kukwepa foleni ya Ubungo au Magomeni. Hiyo si bahati mbaya, na askari husimama mwisho wa kipande kile ambako huwezi kutoka bila kupita mbele yake.

Kuegesha ndani ya mwendokasi ili upige simu. Kushusha abiria humo. Kuzima simu ya ramani kwa hasira na kuanza kubahatisha.

Na kuficha namba ya gari kwa tope au kitambaa. Tafadhali usifanye hivyo. Unaongeza kosa jingine juu ya lile dogo.

Mambo yakienda kombo

*Namba ya malipo inakataa.* Angalia kwanza tarakimu moja moja. Kama ziko sawa, subiri saa chache ujaribu kwa wakala. Ikikataa tena, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na karatasi yako.

*Sikusimamishwa, lakini nina wasiwasi niliandikiwa.* Polisi Tanzania wana ukurasa wa mtandaoni wa kuangalia madeni ya faini kwa namba ya gari. Angalia hapo, au mwombe askari yeyote wa trafiki akuangalizie kwenye mashine yake.

*Sikubaliani na kosa.* Una haki ya kukataa kukiri na jambo likaenda mahakamani. Kwa mgeni mwenye karatasi ya gari ya muda inayokaribia kuisha, pima kama siku hizo unazo. Ikiwa kweli hukuingia, na una picha ya kamera ya gari, inastahili kupigania.

*Gari limezimika ndani ya njia.* Taa za tahadhari, watu wote washuke na kusogea pembeni, pembetatu iwekwe nyuma kwa mbali. Watu wa Dar husukuma gari haraka ukiomba; sukumeni mpaka penye uwazi. Polisi ni 112.

*Nimegongana na basi.* Usiondoke, usikubaliane na mtu yeyote barabarani. Piga 112, piga picha, toa Kadi ya Njano, na mpigie wakala wako wa bima Uganda siku hiyohiyo.

*Gari ni la shemeji, faini imekuja kwa namba yake.* Mwambie leo, mtumie risiti. Deni linafuata namba ya gari, na akitaka kupeleka gari tena Tanzania mwakani atakuta deni linamngoja.

*Narudi nyumbani.* Siku moja kabla ya kufika mpakani, ukiwa Kahama au Biharamulo, angalia tena madeni kwa namba ya gari na ulipe lililobaki ukiwa bado una laini ya Tanzania na wakala karibu. Risiti ziweke pamoja na karatasi ya forodha, kwa sababu Mutukula utaitoa hiyo karatasi hata hivyo.